Sura ya 4: Vipimo Vyote Viko Sawa

Mwenye sonona haingii hospitali akisema ana sonona. Huingia akisema kichwa kinamgonga, kifua kinambana, tumbo linawaka moto, mwili umekwisha nguvu. Tumchukue mama mmoja wa miaka arobaini na kitu. Ni mama wa kufikirika, ila mhudumu yeyote wa zahanati atamtambua. Ana genge la mboga karibu na kituo cha daladala. Mume aliondoka mwaka jana. Mwili ulianza kumkataa miezi mitatu iliyopita. Amepimwa malaria, hakuna kitu. Amepimwa Widal, akaambiwa ana taifodi, akamaliza dozi, nafuu hakuiona. Amepimwa mkojo, akaambiwa ni UTI, akachomwa sindano siku tano. Presha haina neno, sukari haina neno. Safari ya mwisho daktari amepitia majibu, akamrudishia daftari lake: "Mama, vipimo vyote viko sawa. Punguza mawazo." Akaandikiwa panadol na vitamini.

Mama anarudi nyumbani na mzigo mwingine juu ya ule wa kwanza. Kumbe haumwi. Basi ni uvivu. Au ni mkono wa mtu.

Angekuwapo mhudumu aliyefunzwa, angeyaweka yale majibu pembeni, akafunga mlango, akaanza upya.

"Shikamoo tena, mama. Usingizi unaupata?"

"Usingizi gani, mwanangu? Nalala saa nne, saa tisa usiku niko macho, nahesabu mabati."

"Na chakula?"

"Natia mdomoni ili nimeze dawa."

"Kwaya, kikoba, bado unakwenda?"

Mama ananyamaza kidogo. "Kikoba nimeacha. Watu wananichosha."

"Kuna siku unaona afadhali usingeamka?"

Mama anageuka kuutazama mlango. "Nani kakwambia?"

Hapo hapakutumika mashine wala maabara. Yameulizwa maswali kwa heshima, na majibu yalikuwapo tangu ile siku ya malaria. Mwaka 1999 jarida la tiba la New England la Marekani lilichapisha utafiti wa Gregory Simon na wenzake, uliowahusu wagonjwa 1,146 wenye sonona katika vituo vya afya vya nchi 14, kuanzia Seattle na Paris hadi Ibadan, Nigeria. Asilimia 69 kati yao walikuwa wamekwenda kwa daktari wakilalamikia mwili tu. Walipoulizwa waziwazi kuhusu huzuni na kukata tamaa, waliokana walikuwa asilimia 11 pekee. Tarakimu hizo mbili zinatuondolea kisingizio kilichozoeleka, kwamba watu wetu hawasemi ya moyoni. Wanasema. Hawajaulizwa.

Alama ambazo wataalamu huzitafuta ni tisa. Mbili ndizo nguzo, na bila mojawapo ya hizo ugonjwa hauitwi sonona: moyo kuwa mzito sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, na kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakikupa raha. Hii ya pili ndiyo inayowapotosha ndugu. Mtu halii wala halalamiki, ila mpira hautazami tena, simu za rafiki hazipokei, mjukuu akiletwa anampakata bila kumsemesha. Zinazobaki ni usingizi kuharibika, ama kwa kukesha ama kwa kulala kupita kiasi. Hamu ya chakula kubadilika. Uchovu usioondoka hata baada ya kupumzika. Akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Mwili kuwa mzito au, kinyume chake, kutotulia. Kujilaumu na kujiona hufai. Na mawazo ya kifo. Zikitimia tano, zikadumu wiki mbili au zaidi na kumvuruga mtu kazini au nyumbani, hapo tunazungumzia ugonjwa.

Ninataka kukaa kidogo kwenye kujilaumu, kwa sababu ndiyo alama inayomzuia mgonjwa asitafute tiba. Anayeumwa jino anajua kuwa jino linauma. Anayeumwa sonona anaona kwamba yeye mwenyewe ndiye kasoro. Kumbukumbu zake zinajipanga upande mmoja: mkopo alioshindwa kuurejesha, mtoto aliyemchapa miaka kumi iliyopita, mazishi ambayo hakuyahudhuria. Kila kimoja kinakuwa ushahidi kwamba amekuwa mzigo kwa watu. Ukimwambia si kweli, anakuona una huruma tu. Mawazo hayo yana sura ya hukumu, lakini ni dalili, sawa na joto la homa, na yanapungua ugonjwa unapopungua. Nimeona watu wengi wema wakibishana na dalili hiyo usiku kucha, wakimhesabia mgonjwa baraka zake moja moja, kisha wakakasirika kwamba hana shukrani. Mgonjwa yule hakukosa shukrani. Anachohitaji ni kutibiwa.

Msiba nao huleta kilio, kukesha na kukosa hamu ya chakula, na si haki kuuita ugonjwa. Tofauti mara nyingi husikika ukimsikiliza mfiwa. Huzuni yake huja na kupoa. Mtu akikumbusha kisa cha marehemu, anaweza kucheka katikati ya machozi. Anamlilia aliyeondoka. Mwenye sonona hapozwi na kisa chochote, na maneno yake yanamrudia mwenyewe. Hata hivyo mlango kati ya hali hizi mbili uko wazi. Mfiwa ambaye miezi imepita na bado anajiona hastahili kuishi asiambiwe tena kwamba ni mapenzi ya Mungu. Apelekwe kliniki.

Kutoonekana kwa mgonjwa mkimya kuna historia, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa Nairobi. Daktari J. C. Carothers alisimamia hospitali ya Mathari tangu mwisho wa miaka ya 1930 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, ambamo alidai kwamba sonona ni nadra miongoni mwa Waafrika. Sababu aliitafuta katika maumbile na malezi: Mwafrika, kwa maoni yake, hakuwa na ule ukomavu wa kujitazama ndani na kubeba hatia. Hayo yalikuwa matusi yaliyovaa joho la sayansi. Kasoro yake ya kitaalamu ilikuwa wazi pia. Katika Kenya ya kikoloni, aliyefikishwa Mathari ni yule aliyevunja amani: aliyepiga watu, aliyevua nguo sokoni, aliyechoma nyumba. Mwanamke aliyejifungia chumbani, akaacha kula na kusema, hakuna polisi aliyemkamata. Daktari alihesabu walioletwa, akadhani amewahesabu wagonjwa wote.

Waliomsahihisha walitoka ofisini. Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria aliyeongoza hospitali ya Aro huko Abeokuta, aliungana na Alexander Leighton wa Marekani kwenda vijijini kwa Wayoruba, na ripoti yao ya mwaka 1963 ilionyesha kwamba dalili za sonona zilikuwapo tele kwa watu ambao hawakuwahi kufikishwa hospitali. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya vijiji viwili vya Uganda: sonona ilikuwa imewakumba wanawake wa huko zaidi kuliko wanawake wa kusini mashariki mwa London waliochunguzwa kwa kipimo kilekile. Ninaitaja historia hii kwa sababu wazo la Carothers halijafa. Linaishi kila mtu anaposema kwamba sonona ni ugonjwa wa Wazungu, au wa matajiri wasio na kazi.

Chanzo chake? Hakiko kimoja. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kwamba kurithi kunachangia kiasi cha theluthi moja. Kinachobaki ni maisha. George Brown na Tirril Harris, waliowahoji wanawake wa Camberwell, London, na kuchapisha kitabu chao mwaka 1978, waliona kwamba pigo kubwa, kama kufiwa, kuachwa au kupoteza nyumba, ndilo lililowaangusha wengi. Ila kati ya waliopigwa, walioanguka zaidi ni wale ambao hawakuwa na mtu wa karibu wa kumwaga ya moyoni, waliokuwa na watoto wadogo watatu au zaidi nyumbani, wasio na kazi nje ya nyumba, au waliompoteza mama kabla ya miaka 11. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa Mbagala au Kibera, haihitaji mkalimani.

Uzazi nao una nafasi yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, na sonona ndiyo inayoongoza. Desturi ya arobaini, mzazi akiogeshwa, akipikiwa na kupokewa mtoto, ni kinga ya kweli pale inapotimizwa kwa upendo. Lakini siku hizi wazazi wengi wako peke yao katika chumba cha kupanga, mama mzazi yuko mkoani, na wifi akija anakuja kutazama kama nyumba imefagiwa. Mama anayemtazama mwanawe bila kuhisi chochote hatamwambia mtu, kwa hofu ya kuitwa mama asiye na moyo. Muuguzi wa kliniki ya watoto anaweza kumwuliza.

Na vile vipimo vya mwanzo havikuwa upuuzi wote. Upungufu wa damu na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri huleta uchovu na uzito unaofanana sana na sonona, na daktari makini huviangalia kwanza. Virusi vya UKIMWI, kisukari na maumivu ya kudumu huandamana nayo. Pombe huiongeza, hasa kwa wanaume, ambao huzuni yao mara nyingi hutoka kwa sura ya hasira na chupa. Kosa liko pale safari inapoishia kwenye karatasi ya maabara.

Sasa tuje kwenye tiba, na tuanzie Uganda tena. Rakai na Masaka ni wilaya zilizo karibu na Kagera ya Tanzania. Ugonjwa wa UKIMWI ulizipiga wilaya hizo mbili mapema na vibaya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 karibu kila ukoo ulikuwa umezika. Paul Bolton na wenzake, wakifanya kazi na shirika la World Vision, hawakuanza kwa kugawa fomu za Ulaya. Waliwauliza kwanza wanavijiji maradhi haya yamewaletea nini, na wanavijiji wakaeleza hali mbili, ya mtu anayejichukia na ya mtu anayejihurumia, kwa maelezo yaliyokaribiana sana na zile alama tisa.

Mwaka 2002 wakachaguliwa watu wenye hali hizo katika vijiji 30. Vijiji 15 vikapewa tiba ya vikundi, 15 vikabaki na namna zao za kawaida za kusaidiana. Tiba yenyewe ilikuwa imebuniwa Marekani katika miaka ya 1970 na Gerald Klerman na Myrna Weissman, na wazo lake ni rahisi kulieleza: sonona huamshwa na jambo lililotokea kati ya mtu na watu wake, hivyo litafutwe jambo hilo na lifanyiwe kazi. Huko Uganda walitazama aina tatu: kifo cha mpendwa, ugomvi, na maisha kubadilika ghafla, kama kugundulika na ugonjwa au mume kuoa mke mwingine. Wanaume walikaa na wanaume, wanawake na wanawake, kila kikundi kikiwa na watu kati ya watano na kumi na wawili hivi. Kiongozi alikuwa mwenyeji anayezungumza Kiganda, asiye daktari wala muuguzi, aliyefunzwa kwa wiki mbili. Walikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, kwa wiki 16.

Kinachonivutia ni jinsi walivyoipinda tiba ili ikae sawa na watu. Tiba ya Marekani humtaka mfiwa aseme mema na mabaya ya marehemu. Kijijini kumsema vibaya aliyekufa ni mwiko, kwa hiyo swali likageuzwa: je, zilikuwapo nyakati ambazo maisha na marehemu yalikuwa magumu? Mwanamke aliweza kujibu hilo bila kuvunja adabu. Vilevile, kumtaka mke amkabili mume uso kwa uso na kumweleza kinachomkera kungemletea kipigo. Kikundi kilimsaidia kutafuta njia ambazo wenyeji wenyewe wanazijua za kufikisha ujumbe, ikiwamo kumpitia mzee anayeheshimiwa na mume. Kila wiki kila mmoja alianza kwa kueleza dalili zake zilikuwaje tangu walipoachana na nini kilitokea katikati. Polepole mtu huanza kuona kwamba siku mbaya zina sababu, na siku nzuri pia, na kwamba zile nzuri zilimkuta akiwa amefanya jambo fulani, amekwenda mahali fulani, amezungumza na mtu fulani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Kabla ya tiba, asilimia 86 ya watu wa vikundi walitimiza vigezo vya sonona. Baada ya tiba walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi, kutoka asilimia 94 walibaki asilimia 54.7. Tarakimu hii ya mwisho isirukwe. Inasema kwamba wengine hupata nafuu bila tiba, kwa muda na kwa msaada wa watu wao, na aliyepona kwa njia hiyo hadanganyi. Inasema pia kwamba zaidi ya nusu walikuwa bado wanaumwa baada ya miezi minne, shamba likiwa limeota magugu na watoto wakiwa na mzazi aliyepo kwa mwili tu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya vikundi kwa ajili ya nchi nyingine. Mwaka huohuo zikatoka habari za Zimbabwe, ambako daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare. Bibi hao hukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kulichagua tatizo moja, kulitafutia njia, na kurudi kueleza ilivyokuwa. Miezi sita baadaye wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa kwenye benchi, na asilimia 49.9 kwa wale waliopata huduma ya kawaida. Benchi hizo zimeshafika Malawi na Zanzibar. Kwangu mimi hii ndiyo habari kubwa kuliko zote za sura hii: tiba inaweza kutolewa na mwenyeji wa mtaa, akifunzwa na akisimamiwa vizuri. Uhaba wa madaktari wa akili ni wa kweli na unaumiza, lakini hautoshi tena kuwa sababu ya kukaa.

Anayekwenda kumwona mshauri peke yake naye anahitaji kujua kinachomsubiri. Watu wengi Tanzania walikutana na ushauri nasaha kwenye vituo vya kupima virusi vya UKIMWI, hivyo wanategemea kuketi mara moja na kupewa maelekezo. Ushauri wa sonona ni wa vikao, mara nyingi kati ya sita na kumi na sita, kimoja kwa wiki. Siku ya kwanza utaulizwa zaidi kuliko utakavyoambiwa. Mshauri mzuri hakuhubirii, hakusimulii ndoa yake, hakukuamulii kama umwache mume. Atakupa kazi ya kwenda nayo nyumbani, na kazi hiyo itaonekana ndogo mno: kutoka nje kila asubuhi dakika kumi, kumpigia dada mmoja simu, kuandika saa ambazo uzito unazidi. Ifanye hata bila hamu. Katika ugonjwa huu hamu huja baada ya kutenda, na anayeisubiri kwanza hungoja sana. Vikao vitatu vinne vikipita na hujisikii kusikilizwa, una haki ya kuomba mshauri mwingine bila kumkosea mtu.

Kwa sonona ya wastani na kali, dawa zina nafasi. Katika hospitali zetu zinazopatikana zaidi ni amitriptilini na fluoksetini, zote za bei nafuu. Kinachoziharibia sifa ni kalenda yake. Amitriptilini hukausha kinywa, huleta usingizi na choo kigumu; fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu na kupunguza hamu ya tendo la ndoa. Maudhi hayo huanza siku za mwanzo kabisa, wakati nafuu yenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, na pengine sita kukamilika. Mgonjwa asiyeambiwa hayo huacha siku ya kumi na kusema dawa imemdhuru bure. Mwingine huacha mwezi wa pili kwa sababu amepona, na ugonjwa hurudi. Dozi inapaswa kuendelea kwa miezi kati ya sita na kumi na miwili baada ya kupata nafuu, kisha ipunguzwe taratibu na daktari. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa teja. Dawa zinazozoesha ni zile za usingizi kama diazepamu, ambazo bado watu huuziana dukani bila cheti. Hizo humlaza mtu, ugonjwa ukabaki palepale.

Mambo mawili daktari lazima ayajue kabla ya kuandika. La kwanza, kama umewahi kuwa na kipindi cha kinyume chake, siku nyingi za kutolala bila kuchoka, kusema mno, kutapanya fedha na kujiona unaweza kila kitu. Kwa mtu wa namna hiyo dawa ya sonona ikitolewa peke yake huweza kuamsha kichaa. La pili, kama mawazo ya kujiua yapo, kwa sababu amitriptilini ikizidi ni hatari kwa moyo na inafaa ikae mikononi mwa ndugu. Vijana chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu zaidi wiki za mwanzo.

Uanzie wapi? Tanzania, kitengo cha afya ya akili kipo katika hospitali za rufaa za mikoa na katika hospitali nyingi za wilaya. Juu yake kuna Muhimbili Dar es Salaam, Mirembe iliyopo Dodoma tangu 1927, na Kidongo Chekundu kwa watu wa Unguja. Kenya kuna Mathari na hospitali za kaunti. Majina hayo yametumika muda mrefu kama matusi ya mtaani, na ninajua mtu akiambiwa aende huko anaona amehukumiwa kuwa mwendawazimu. Kwa hiyo ni vyema ijulikane kwamba mwenye sonona kwa kawaida halazwi. Anakaa kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, anaonwa, anachukua dawa au siku ya kikao, anarudi nyumbani kupika. Ukifika mapokezi usiseme kichwa. Sema: "Nina mawazo yaliyonizidi, silali, nataka kuonana na mtu wa afya ya akili."

Wengi watapita kwanza kwa shehe, mchungaji au mganga, na sioni sababu ya kuwakejeli. Dua na sala humshika mtu ambaye hana kingine cha kushika, na kiongozi wa dini mara nyingi ndiye wa kwanza kukabidhiwa siri. Shehe anayesoma dua kisha akasema "na hospitali pia nenda" ameokoa maisha. Lakini mahali popote panapomtaka mgonjwa aache dawa, afunge kula siku kadhaa, afungwe kamba au apigwe ili kitu kitoke, muondoe siku hiyohiyo.

Na ikiwa mtu wako amesema angependa kufa, au unahisi hivyo, muulize kwa maneno yaliyo wazi: unafikiria kujiua? Swali hilo halimpandikizii wazo. Kwa wengi ni mara ya kwanza mtu kuugusa mzigo wao bila kukimbia. Akikubali, muulize kama ameshapanga namna, kisha usimwache peke yake. Viuatilifu vya shambani, dawa zilizobaki na silaha vitolewe nyumbani usiku uleule, na apelekwe hospitali iliyo karibu, huku msindikizaji akisema mapokezi sababu halisi. Familia nyingi husema ilikuwa ajali, kwa aibu na kwa kuogopa sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa na kifungu cha 226, hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Naamini Tanzania nayo inapaswa kukiondoa cha kwake. Kumtishia kwa kesi mtu aliyetoka ukingoni mwa kifo hakumzuii. Kunamfundisha kuficha zaidi safari inayofuata.

Waliopona nao wana kazi iliyobaki. Karibu nusu ya walioumwa mara ya kwanza huugua tena, wengine baada ya miaka. Kurudi kwake si ishara kwamba tiba ya kwanza ilikuwa bure, na mara ya pili hutibika pia, hasa ikiwahiwa. Kila mtu ana dalili yake ya kwanza: mmoja huanza kuamka saa tisa, mwingine huacha kupokea simu, mwingine huacha kuoga. Ikiandikwa wakati mtu yuko mzima, pamoja na jina la kliniki na dawa iliyomfaa, karatasi hiyo ina faida kuliko ahadi yoyote. Achaguliwe pia mtu mmoja wa kuisema dalili ikitokea, mke, kaka au rafiki wa kazini, na amchague mgonjwa mwenyewe akiwa na akili yake timamu, wakubaliane hata maneno atakayotumia, ili siku ikifika asijibiwe kwamba anatafuta ugomvi.